Ndege Tupu Hupaa Upesi

Wadogo zangu, nimestaafu. Najua mnacheka, maana mstaafu mnamtegemea awe na mvi na kifuko cha dawa, na mimi nina miaka ishirini na saba na meno yote. Lakini kazi niliyoifanya tangu nimalize kidato cha nne imekwisha. Haipo tena Kilosa wala Mikumi, na simjui mwingine aliyewahi kuifanya huku. Mtu wa namna hiyo mtamwitaje kama si mstaafu?

Kazi yenyewe ilikuwa kuwarusha watu kwa ndege isiyoondoka chini. Nilikuwa na chumba kimoja, kompyuta yenye programu inayoigiza ndege ya abiria, skrini kubwa, usukani wa mezani na pedali mbili. Wenyewe wanaita simuleta. Mtu anakaa, anawasha injini, anaikimbiza ndege kwenye njia ya kurukia, anainua pua, anapanda hadi juu ya mawingu, halafu anampisha mwenzake. Kutua hakukuwemo. Kutua kunakula muda na kunavunja moyo. Kwangu watu walikuja kupaa.

Siku hizi mnarusha ndege kwenye simu, mmelala chali, kwa kidole gumba. Nikipita mnaniuliza: Kapteni, mbona ndege yangu haitaki kupanda? Mbona nikishaiinua inadondoka? Nitawajibu, ila majibu yangu yote yanampitia dada mmoja anayeitwa Nashipai. Huyo nilibakiza kidogo nimkoseshe nafasi yake ya kusomea urubani. Ndiyo kumbukumbu kubwa niliyotoka nayo kazini. Nyingine nitazidokeza njiani, mnivumilie.

Nilianzia Mikumi, jirani na maegesho ya malori. Wateja wangu wa kwanza walikuwa madereva wa masafa, watu wanaonyoosha miguu wakisubiri chipsi. Dereva wa lori ni mwanafunzi mgumu. Anaushika usukani wa ndege kana kwamba anakata kona za mlima Kitonga. Mmoja alikuwa mnene, mcheshi, shati wazi. Aliikimbiza ndege ikatoka nje ya njia mara tatu mfululizo.

"Kapteni, gari yako inavuta kushoto."

"Usizungushe usukani, kaka. Ikiwa chini unaiongoza kwa miguu."

"Miguu ni ya breki."

"Hapa miguu ndiyo usukani."

"Basi aliyeitengeneza alikuwa kachoka."

Hilo lishikeni, hata nyie wa kidole gumba: ndege ikiwa ardhini usukani wa mkono haukusaidii kitu. Nyayo ziwe bapa, zicheze kidogo kidogo, na macho yatazame mwisho wa njia, si mbele ya pua. Ukitazama karibu utayumba kama mlevi.

Shida kubwa ya Mikumi haikuwa miguu. Kila mtu alitaka kuruka kutoka nyumbani. Mbugani kuna uwanja mdogo wa ndege za watalii, na kwenye kompyuta yangu ulionekana kama mstari wa kahawia katikati ya nyasi. Hapo ndipo walipotaka kuanzia, na ndege ya watu mia moja na sitini. Wiki ya kwanza yote hakuna aliyepaa. Kila ndege iliishia kwenye miti. Yule dereva mnene alisimama, akachukua sahani yake, akawatangazia wenzake kwamba nilicho nacho mle ndani ni trekta. Wakaondoka naye.

Nilikaa peke yangu mchana kutwa nikibonyeza kila kitu. Nikakuta ukurasa wa mizigo. Una mistari miwili ya kuvuta kwa kipanya: mmoja wa watu na mizigo yao, mwingine wa mafuta. Nikauvuta wa kwanza kushoto kabisa. Wa pili nikaacha tone. Ndege ya tani karibu themanini ikawa ya arobaini na kitu. Nikashusha na joto la hewa, nikaweka baridi ya Makete alfajiri. Halafu nikajaribu.

Iliruka kama swala aliyesikia tawi likivunjika. Njia ilikuwa haijafika nusu. Kesho yake madereva walipiga makofi mpaka muuza chipsi akaja kuchungulia. Nikapewa jina la Kapteni, na ule ukurasa sikuufungua tena. Kwanza niliuonea aibu, kisha nikauzoea, kisha nikausahau. Uongo ukikaa ndani muda mrefu unakuwa kama kiti: unaukalia tu, huulizi umetoka wapi. Nilipohamia Kilosa, mtaa wa nyuma ya stesheni ya zamani, nilihama nao.

Kilosa nilipendwa. Nilikuwa na betri kubwa, maana umeme ukikatika ndege ikiwa futi elfu mbili mteja anakutazama kama umeua abiria. Wengine walikuja kuchaji simu tu. Mmoja wao alikuwa Mzee Pius, dereva mstaafu wa treni za mizigo, mstaafu wa kweli yeye. Injini zilimharibu masikio kwa hiyo anaongea kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa reli. Alikuwa anakaa kwenye benchi, mgongo ukutani, anangoja simu ijae, anatukebehi.

Nashipai alikuja mara ya kwanza kwenye bodaboda ya kaka yake, kutoka upande wa Kimamba. Kwao ni wafugaji, boma lao liko uwandani. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na amefaulu fizikia. Watu wote huniuliza ndege inaendaje. Yeye aliniuliza kwa nini ikifika mwendo fulani inainuka, na kabla ya hapo haiinuki.

"Ndivyo ilivyo," nikamjibu.

"Kaka Kapteni, hilo si jibu. Hilo ni kufunga mlango."

Tangu siku hiyo nikampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuja kila alipopata nafasi, miezi na miezi. Nikampa vyote nilivyokuwa navyo: mwendo ukifika mia na ishirini vuta, pua ipande mpaka nyuzi ishirini na tano, magurudumu juu, vibawa vya nyuma ndani, twende zetu. Alifika mahali anaweza kuifanya akiwa anapiga soga. Mshale wa kupanda uligota futi elfu nne na zaidi kwa dakika, naye anatabasamu.

Chuo kimoja cha Dar kilitangaza nafasi chache za ufadhili wa kusomea urubani, akaomba, akaitwa. Kwanza usaili wa maneno, halafu kukalishwa kwenye simuleta mbele ya mtahini. Zilibaki siku tisa.

Na kwao nako kulikuwa na jambo. Malisho yalikuwa yameisha, baba yake ameamua kuwahamishia ng'ombe kusini, mbali kabisa, upande wa Lindi. Nashipai ndiye aliyekuwa anawachoma sindano, ndiye anayejua ndama yupi haponi bila kusimamiwa. Baba alimwambia hivi: nenda kajaribu, ukipata, baki usome, ukikosa, unaondoka nasi. Haikuwa adhabu. Wangemwacha na nani, na ng'ombe wangetibiwa na nani?

Mzee huyo alikuja kuniona mwenyewe asubuhi moja, binti yake akiwa nyuma yake. Akasimama mlangoni na fimbo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, baba. Mwalimu mdogo."

"Nioneshe."

Nashipai akakaa, akarusha. Mzee akatazama mpaka mawingu yakajaa skrini.

"Anajua kweli," akaniuliza, "au anajua hapa kwako tu?"

"Anajua kweli, baba."

"Umesema."

"Nimesema."

Akaniaga, wakaondoka. Mzee Pius alikuwepo kwenye benchi lake. Simu ilikuwa imejaa lakini hakuinuka.

"Kapteni."

"Naam, babu."

"Yule binti alikuwa amebeba watu wangapi?"

"Mia moja na sitini, babu."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo viti vilivyo. Mia na sitini."

"Sijauliza viti. Nimeuliza watu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimevuta mabehewa kutoka stesheni hii hapa kwenda Munisagara na kule juu, mlima kwa mlima kandokando ya mto Mkondoa, tangu sijaoa mpaka nimezika mke. Treni tupu ukiachia breki inaondoka kama mbuzi aliyekata kamba. Yenye mzigo inakusimamia kwanza. Inakuuliza, una uhakika? Hiyo ya kwenu haijamwuliza binti wa watu chochote. Imeruka tu. Humo hamna hata kuku."

Akachukua simu yake akaenda zake. Mimi nikafungua ukurasa wa mizigo, na mistari miwili ikanitazama, yote imelala kushoto kama nilivyoilaza Mikumi.

Nikaivuta kulia. Watu wote, mabegi yote, mafuta ya safari ndefu. Nikaweka uwanja wa Dar, joto la mchana. Nikakaa mimi mwenyewe, Kapteni wa wilaya nzima. Ilivyoanza kukimbia nilidhani nimesahau kufungua breki. Ikafika mia na ishirini, nikavuta kama nilivyofundisha watu wote. Pua ikainuka, matairi yakabaki chini, mkia ukakwaruza lami, mwendo ukagoma kuongezeka, njia ikaisha, nikaingia kwenye uzio. Nikarudia. Uzio. Mara ya tatu nilisubiri mwendo uongezeke, nikavuta kwa pupa, ikapaa, pua ishirini na tano, na mwendo ukaanza kushuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Usukani ukatetemeka, ndege ikalala bawa moja, skrini ikawa nyekundu.

Hapa naandika kitu ambacho sikipendi. Kesho yake Nashipai alikuja, na mimi nikairudisha mistari kushoto kabla hajakaa. Keshokutwa yake tena. Nilijiambia huenda na mtahini naye ana ndege tupu. Nilijiambia nikimwambia nitamtia hofu bure. Kila alipopaa aliniangalia, nami nikamwitikia kwa kichwa. Katika siku zake tisa, mbili nilizila mimi, na nilizila nikiwa najua.

Siku ya tatu nilimkuta ameniandalia maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mama yake ameyatuma, amesema mwalimu anywe. Nikakishika kibuyu kile nikashindwa kuendelea na uongo.

"Nashipai, ndege unayorusha haina watu."

"Vipi?"

Nikamwonesha ukurasa, nikamweleza yote, Mikumi, madereva, trekta. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijakufahamu."

"Na ulipomjibu baba?"

"Nilikuwa nimesahau. Kweli tena, nilikuwa nimesahau."

"Jana na juzi je?"

Nikakiweka kibuyu chini. Akainuka akatoka. Nilisikia kandambili zake zikipotea kwenye changarawe, nikajua ndiyo basi. Baada ya muda zikarudi. Alikuwa ameenda bombani, uso wake unadondosha maji. Akakaa kwenye kiti, akakisogeza mbele kidogo, akaweka miguu kwenye pedali.

"Ijaze," akasema.

Sasa wadogo zangu, hapa ndipo majibu yenu yalipo, sogeeni.

Ndege nzito inataka mwendo mkubwa zaidi kabla haijakubali kubebwa na hewa. Iliyo tupu ilikuwa inanyanyuka kwenye mia na ishirini. Ile ile ikijaa ilitaka mia na hamsini. Hakuna namba moja ya kukariri, kila mzigo una namba zake, na rubani anazijua kabla hajawasha injini. Joto nalo linachukua fungu lake. Hewa ya moto ni nyepesi, mabawa yanashika kidogo na injini zinavuta kwa shida, kwa hiyo unakula njia ndefu zaidi. Ndiyo maana kuna mwendo mwingine kabla ya ule wa kuinua pua, mwendo wa kuamua. Kabla ya hapo kikitokea kitu unaweza kusimama. Ukishaupita, unaondoka nayo juu hata kama injini moja imekufa, maana njia iliyobaki haikutoshi. Kwenye ndege yangu tupu mwendo huo haukuwahi kutusumbua. Njia ilitosha siku zote.

Na pua haivutwi. Hili ndilo lililomtesa Nashipai, na ndilo linalowatesa nyie. Mikono yake ilikuwa imezoea ile ndege tupu, inayoruka kama swala. Kila alipofika mia na hamsini alivuta haraka, mkia ukakwaruza. Akivuta polepole akaipata hewa, mkono ulimpeleka wenyewe mpaka ishirini na tano, na mwendo ukafa. Siku nzima hakupaa hata mara moja. Siku iliyofuata alipaa mara mbili, akaanguka mara zote mbili kwa kuviingiza vibawa mapema. Vile vibawa vinaliongezea bawa upana wakati mwendo bado mdogo. Ndege nzito ukivirudisha kabla haijakusanya mwendo, umemnyang'anya fimbo mzee anayepanda ngazi. Unashusha pua kidogo, unaiacha ikimbie, unarudisha hatua moja. Inakimbia tena, hatua nyingine.

"Mkono haunisikii," akaniambia. "Kichwa kimeelewa, mkono umekataa."

Sikuwa na dawa. Aliyekuwa nayo ni Mzee Pius, aliyekuwa ametugeuza mchezo wa kuigiza, anakuja hata simu ikiwa imejaa.

"Binti, unaondokaje na treni ya mabehewa mengi?" akauliza kwa ile sauti yake.

"Sijui, babu. Sijawahi kuondoka nayo."

"Huwezi kuyavuta yote mara moja. Ukijaribu unakata kiungo, au magurudumu yanazunguka bure juu ya chuma. Unavuta la kwanza. Kiungo kinalia, ka. Ndipo linavuta la pili. Ka. Unasikiliza kila moja likifika mkononi mwako, ndipo unaongeza. Dereva mwenye haraka nilikuwa namjua kwa mlio tu, nikiwa kitandani kwangu."

"Na mimi sina viungo, babu."

"Si una mdomo? Hesabu."

Akahesabu. Alipofika mwendo wa kuinua alisema, behewa la kwanza, pua ikapanda kidogo. La pili. La tatu. Nikatazama kipimo: kila behewa lilikuwa kama nyuzi mbili na nusu. Akifika la sita pua ilikuwa kumi na tano, pale pale inapotakiwa, na kufika hapo matairi yalikuwa yameshaiacha lami bila kelele. Mshale wa kupanda ukagota elfu moja na mia nane ukatulia. Baada ya miezi ya elfu nne, nilidhani atasikitika.

Aliutazama ule mshale muda mrefu.

"Kumbe ndivyo inavyopanda," akasema. "Kama mtu anayejua anakokwenda."

"Kama ng'ombe," akasema Mzee Pius, "sio mbuzi."

"Babu, ng'ombe wa kwetu hawapandi mawinguni."

"Ndiyo maana wewe unakwenda Dar, wao wanakwenda Lindi."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilicheka kidogo. Deni la lile "Umesema" la baba yake lilikuwa bado shingoni.

Siku ya nane nikakodi bodaboda mpaka bomani kwao. Nilimkuta baba yake anakagua kwato. Nikamwamkia, nikamwambia: baba, nilikujibu kitu ambacho hakikuwa kweli. Nikamweleza bila kujipaka mafuta. Akamalizia ule mguu, akauachia.

"Sasa je?"

"Sasa anapaa na watu wote. Mara tisa katika kumi."

"Na ya kumi?"

"Anaanguka, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hilo ni jibu," akasema. "Lile la kwanza lilikuwa la mchuuzi."

Nashipai aliondoka na treni ya umeme ya asubuhi. Yaliyotokea huko alinisimulia kwa simu. Mtahini alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Alimwekea ndege iliyojaa, mchana wa joto, na hakumwambia lolote. Nashipai akaomba aoneshwe uzito, akaandika namba zake kwenye kiganja, akaondoka. Walipofika mwendo wa kuinua, yule mama akamsikia ananong'ona.

"Unasema nini?"

"Nahesabu mabehewa, mama."

"Mabehewa?"

"Ndiyo. Yako sita."

"Haya, endelea. Usije ukaliacha la mwisho."

Nilimuuliza kama alipaa vizuri. Akasema alipaa, akakosea kitu kwenye kugeuka kushoto, akasahihisha. Basi. Matokeo hayakutoka siku hiyo wala wiki hiyo. Huku ng'ombe hawawezi kungoja barua. Lori likaja, ndama wakapandishwa kwanza, naye akapanda nao kuwashikilia wasikanyagane. Simu ikaita akiwa juu ya lori, mkono mmoja shingoni kwa ndama. Alisikiliza, akasema asante mara mbili, akabaki amesimama.

Baba yake alikuwa chini, anafunga kamba ya nyuma. Hakumuuliza ni nani aliyepiga.

"Shuka," akamwambia.

Mimi nilirudi kazini na sikuirudisha mistari kushoto tena, kwa mteja yeyote. Niliwaeleza wote. Wengine walielewa. Wengi walisema Kapteni kaharibu ndege, na kweli, mtu aliyekuja kupaa dakika tano akiwa njiani kwenda sokoni hataki kuhesabu mabehewa. Benchi likabaki na watu watatu, wanne, lakini hao walikuwa wanauliza maswali mazuri. Halafu simu zenu zikaja na ndege zake. Halafu mchana mmoja wa Novemba kompyuta ikatoa harufu, moshi, ikazima. Nilikaa nayo kidogo kama mtu anavyokaa na mgonjwa aliyekwisha kuondoka. Sikutafuta nyingine. Nikarudi Mikumi, natengeneza simu, meza yangu inatazama barabara kuu.

Msidhani nimeumia. Nimejifunza kazi moja mpaka chini kabisa, pale inapoanzia kuwa kweli, na wengi hawafiki huko katika kazi wanazozifanya miaka mingi kuliko mimi. Ndege yenyewe bado sijapanda. Naiona tu ikipita juu, naikadiria uzito.

Wiki iliyopita Nashipai alinipigia akiwa darasani, nasikia wenzake nyuma wanagombania rula.

"Kaka Kapteni, una kilo ngapi?"

"Za nini?"

"Tunajaza karatasi ya uzito. Rubani, abiria, mizigo, mafuta. Leo ni zoezi tu, ila mwalimu kasema kila mtu amweke abiria anayemtaka."

"Andika sitini," nikasema.

"Sitini za kupima au za kukisia?"

Akaningoja. Nikaifunika meza kwa kitambaa, nikavuka barabara hadi kwa mama anayenunua mahindi, simu sikioni.

"Mama, shikamoo. Naomba unipime."

"Marahaba. Wewe ni gunia la nini?"

"La abiria, mama."

Akanitazama, akasogeza magunia yake, nikapanda kwenye mizani. Akainama kusoma.

"Sabini na moja na nusu."

"Sabini na moja na nusu," nikamwambia Nashipai. "Lakini nimevaa viatu, na nina bisibisi tatu mfukoni."

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Utapanda navyo."

Nikaisikia kalamu yake ikiandika.